Kuisoma Pumzi ya Sungura wa Nyumbani

(Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wanaofuga sungura, Dar es Salaam)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana ambao ndio wenye sungura hasa, nawashukuru kwa kunialika. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie magonjwa ya sungura kwa ujumla. Naomba radhi kwa waandalizi, kwa sababu nitajifunga kwenye jambo moja tu, nalo ni kupumua. Katika yote tunayoletewa sisi madaktari wa mifugo, tatizo la pumzi ndilo linaloacha muda mfupi kabisa kati ya saa mwenye sungura anapogutuka na saa ambayo hakuna tena la kufanya. Tena ni tatizo ambalo mtoto wa miaka 10, akifundishwa cha kutazama, anaweza kuligundua mwenyewe bila kifaa chochote zaidi ya macho yake na saa ya simu.

Maswali mengi ninayoulizwa kuhusu pumzi ya sungura hutokana na hofu isiyo na sababu: anapumua upesi mno, pua yake haitulii, ubavu wake unacheza hata akiwa amelala. Lakini wakati mwingine watu walewale huniletea sungura aliyekaa siku mbili akivuta hewa kwa taabu, na kunieleza kwamba walimwona amepoa wakadhani amechoka. Tunashtushwa na kasi, ambayo kwa mnyama huyu mara nyingi ni hali yake ya kawaida, na tunapitwa na jitihada, ambayo ndiyo hatari yenyewe. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine nitakayoeleza yanatokana nalo.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Sungura tunayemfuga nyumbani si yule wa kwenye ngano zetu anayemhadaa simba na fisi. Yule wa nyika zetu hukaa juu ya ardhi, hujilaza kwenye nyasi, na amelizoea jua letu tangu azaliwe. Huyu wa bandani ni mnyama mwingine, ambaye wataalamu humwita Oryctolagus cuniculus, na asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, ambako wazee wake waliishi ndani ya mashimo marefu waliyoyachimba ardhini, mahali penye ubaridi na kivuli mchana kutwa. Tumemtoa shimoni tukamweka chini ya bati la Dar es Salaam. Naomba mlikumbuke hilo nitakapofika kwenye suala la joto.

Kifua chake ni kidogo sana ukikilinganisha na tumbo. Sehemu kubwa ya kiwiliwili chake imejaa tumbo na utumbo wa kuchachushia majani, na mapafu yamebanwa huko mbele, nyuma ya mabega, pamoja na moyo. Akiwa ametulia, hewa anaivuta kwa kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, wala hapanui mbavu kama binadamu anayevuta pumzi ndefu. Ndiyo maana mtazamaji huona mwendo mdogo wa harakaharaka ubavuni, karibu zaidi na tumbo kuliko kifuani. Na ndiyo maana chochote kinachojaza tumbo, iwe gesi, mimba iliyokomaa, au mafuta ya mnyama aliyenenepeshwa kwa mkate na ugali, humpunguzia nafasi ya kupumua.

La pili katika maumbile yake ni kwamba amejengwa apumue kwa pua. Kile kifuniko kidogo kinachokaa juu ya njia ya hewa kooni, kwa sungura kimepanda nyuma ya kaakaa laini, kikaiunganisha pua na mapafu moja kwa moja. Faida yake ni kubwa kwa mnyama anayewindwa, kwani anaweza kutafuna huku ananusa kama adui anakaribia. Hasara yake ni kwamba pua ikiziba hana mlango wa pili ulio tayari. Binadamu mwenye mafua hufungua mdomo, akalala usiku kucha hivyo hivyo, akaamka. Sungura hawezi. Ukimwona sungura amefungua mdomo ili avute hewa, ujue ameshamaliza njia nyingine zote, na huo si wakati wa kusubiri kesho.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa najua wengi mlikuja mkitaka namba. Sungura mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Binadamu mzima, mkijilinganisha, hupumua kama mara 12 hadi 20. Kwa hiyo mtu anayemtazama sungura kwa macho ya kibinadamu lazima aone kwamba anahema, na hapo ndipo hofu ya bure inapoanza. Watoto wa sungura huenda kasi zaidi ya wakubwa, na usimpime mtoto kwa kipimo cha mama yake.

Namna ya kuhesabu ni rahisi, ila inataka subira. Kaa mbali kidogo, ukimtazama ubavuni, kabla hajajua kwamba unamtazama. Kupanda na kushuka kwa ubavu ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Usimshike wala kumbeba, maana hofu ya kushikwa peke yake inatosha kupandisha hesabu kupita 60, na ukihesabu hapo utakuwa umepima hofu yake. Chagua asubuhi, jua halijachoma, wakati amejilaza baada ya kula. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, uandike kwenye daftari. Namba ya vitabuni ni ya sungura wote wa dunia. Unayoihitaji wewe ni ya sungura wako, akiwa mzima, bandani kwake, katika hali ya hewa ya mtaani kwako. Yule ambaye kila siku ni 40, ukimkuta asubuhi yenye ubaridi na 58 huku amekunja mgongo kwenye kona na majani hajayagusa, huyo anaumwa, ingawa 58 bado imo ndani ya mipaka.

Kuna makosa mawili ya kuhesabu ambayo nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni kuhesabu pua. Pua ya sungura inayochezacheza haihesabiki kama pumzi. Ule ni mwendo wa kunusa na wa kuwa macho, unaokwenda kasi akiwa na udadisi au wasiwasi, na kupungua au kukoma kabisa akiwa amestarehe au amesinzia. Wazazi wameniletea sungura mzima kabisa kwa sababu pua imeacha kucheza, kumbe mnyama alikuwa katika usingizi mzuri kuliko wote wa siku ile. La pili ni kuhesabu mara tu baada ya mchezo. Akikimbia chumbani, akarukaruka na kupinda kiwiliwili hewani kwa furaha, atapumua kwa kasi, na hiyo ni haki yake. Mpe dakika chache chumba kikiwa na ubaridi, atarudi alipokuwa. Asiporudi, au akihema vile baada ya hatua chache tu za kutembea, hapo kuna la kuchunguza. Usingizini pia huenda mkaona masharubu yanatetemeka, miguu inashtuka na pumzi inakwenda bila mpangilio kwa sekunde kadhaa. Muacheni alale.

Nikitoka kwenye kasi naingia kwenye jitihada, na hapa naomba usikivu wenu wote. Mama mmoja na binti yake waliwahi kuniletea sungura jike mweupe, ambaye kwa maelezo yao alikuwa haumwi sana ila hakula tangu jana yake. Nilimhesabu akiwa bado ndani ya kikapu, nikapata pumzi 56 kwa dakika. Kwa namba hiyo angerudishwa nyumbani. Lakini alikuwa amekaa kwa namna ambayo sungura aliyestarehe hakai: viwiko vya mbele vimetengana na kifua, shingo imenyooshwa, pua imeinuliwa juu kama anayetafuta harufu darini. Kila alipovuta hewa matundu ya pua yalifunguka wazi, kichwa kikapanda kidogo na kushuka, na ubavu ukaingia ndani kwa nguvu nyuma ya mbavu za mwisho. Hakutaka kulala chini. Manyoya ya upande wa ndani wa miguu ya mbele yalikuwa yamegandamana, yamekauka na kuwa magumu. Tulimweka kwenye boksi lenye oksijeni bila kumgusa, kwa muda mrefu kuliko mama yule alivyotarajia, ndipo tukamsafisha pua iliyokuwa imejaa usaha mzito pande zote mbili. Alipona kwa kiasi cha kuishi vizuri, ingawa mafua yake yalikuwa yakirudi kila majira ya joto.

Mkao ule, viwiko nje, shingo ndefu na pua juu, ndio ninaotaka kila mtoto humu ndani aujue kwa sura. Mnyama anayewindwa haoneshi ugonjwa hadharani, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Sungura hatalia wala hatakuja kukuomba msaada. Atakaa kimya kwenye kona, na ukimsogelea atajikaza aonekane mzima. Jambo moja tu hawezi kulificha, nalo ni kazi anayoifanya ili apate hewa. Kwa hiyo mtazame kifua na tumbo: vinapanda na kushuka pamoja kwa ulaini, au kimoja kinavutwa ndani wakati kingine kinatoka? Mtazame puani: matundu yanabaki yalivyo, au yanapanuka kila pumzi? Msikilize: sungura mzima hana sauti ya pumzi inayosikika ukiwa umesimama, labda mkoromo mdogo kwa wale wa uso mfupi au walionenepa mno. Mkoromo mpya, mlio wa filimbi, au sauti ya majimaji inayokwaruza ndani, yote ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Na ukiweza kuinua mdomo wa juu bila kumsumbua, ufizi unapaswa kuwa na rangi ya waridi. Ukiwa wa kijivu, wa zambarau au mweupe, acheni kuangalia mengine na mwondoke.

Nisisahau upande wa pili wa kasi. Pumzi ya polepole sana inaweza kuwa mbaya kuliko ya haraka. Sungura aliyelegea, masikio ya baridi, asiyejali unapomgusa, anayepumua chini ya mara 30 kwa pumzi nzito zenye mapumziko kati yake, huyo mwili wake unazimika, na anahitaji joto na daktari kwa pamoja. Watu hupumzika moyo wakiona ule mhemo wa haraka umepungua. Kabla hamjafurahi, mwangalieni kama amerudi kula.

Sababu za taabu hii ni nyingi, nami nitakaa kwenye zile ninazokutana nazo hapa kwetu.

Mafua ya sungura yanajulikana na wafugaji wote. Mara nyingi yanahusishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye anaweza kuishi puani mwa sungura mzima kwa miezi mingi bila kumdhuru, mpaka siku joto, msongamano, safari au hewa chafu ya banda vitakapompa nafasi. Huanza na chafya, kisha kamasi ya maji, kisha nyeupe na nzito. Usidanganyike na pua safi, maana sungura hujipangusa kwa miguu ya mbele; ushahidi uko kwenye manyoya ya ndani ya miguu hiyo, na humo ndimo mimi huanza kutazama. Chafya moja mbili baada ya kula majani yenye vumbi si kitu. Chafya za kila siku pamoja na kamasi ni ugonjwa, na ukiachwa unaweza kushuka mapafuni ukawa kichomi, au kupanda sikioni akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja. Wale wanaowafuga sungura pamoja na simbilisi wajue pia kwamba kuna bakteria mwingine, Bordetella, ambaye sungura humbeba bila dalili lakini kwa simbilisi huleta kichomi kinachoua. Watengeni.

Hapa lazima niseme kwa uzito kuhusu dawa. Nimeletewa sungura waliopewa amoksilini ya binadamu, kidonge kimefunguliwa, unga ukayeyushwa kwenye maji na kunyweshwa kwa bomba la sindano, kwa nia njema kabisa, kwa sababu iliwasaidia watoto wa nyumba hiyo walipokohoa. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipita mdomoni kwa sungura huua vijidudu vyema vinavyomsaga chakula, vile vibaya vikachukua nafasi, na mnyama akafa kwa kuharisha ndani ya siku chache, huku mafua yake yakiwa yamepungua. Klindamaisini na linkomaisini nazo ni vivyo hivyo. Ziko dawa za viuavijasumu zinazomfaa sungura, na daktari anazijua kwa jina na kwa kipimo cha uzito wake. Muuza duka aliyezoea kuku na ng'ombe hawezi kuwa mwamuzi wa jambo hili, hata akiwa mtu mwema.

Sababu ya pili ni joto, na katika jiji hili ningeiweka ya kwanza kuanzia Januari hadi Machi. Sungura hastareheki sana nyuzi zinapopita 25, na zikifika 28 hadi 30 mwili wake unaanza kushindwa. Jiji letu katika miezi hiyo hupita nyuzi 31 mchana, pamoja na unyevu wa bahari, na chini ya bati huwa ni zaidi ya hapo. Sungura hatoki jasho kama sisi, na kuhema hakumpozi kama kunavyompoza mbwa. Kipozeo chake kikubwa ni masikio, yenye mishipa mingi ya damu karibu na ngozi. Joto la mwili wake wa kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla ya kudhurika. Aliyezidiwa hujinyoosha chini kifudifudi, masikio yakawa mekundu na ya moto, pua ikalowa, pumzi zikawa nyingi na fupi mno hata huwezi kuzihesabu; baadaye mdomo unafunguka, mate yanatoka, anayumba, anapata degedege.

Akifikia hali hiyo mtoeni juani upesi, mlazeni juu ya sakafu ya saruji au vigae, mlowesheni masikio kwa maji ya bomba ya kawaida, kisha mwelekezeeni feni. Feni bila maji haimsaidii sana, kwa kuwa hana jasho la kukaushwa na upepo. Msimtumbukize kwenye ndoo, wala msimfunike barafu. Mshtuko wa baridi ya ghafla hubana mishipa ya ngozi, joto likabaki ndani, na unaweza kumuua papo hapo. Akitulia, bado mpelekeni kwa daktari, maana viungo vya ndani vilivyoungua kwa joto hudhihirika saa nyingi baadaye. Kwa siku za kawaida za joto, chupa ya maji yaliyogandishwa, ikafungwa kwenye kipande cha kanga na kulazwa bandani, humpa mahali pa kuegemea, na paa la makuti au hata matawi yaliyotandazwa juu ya bati hupunguza sana joto la mchana. Wanaoishi ghorofani wachunguze jua linapiga baraza lao saa ngapi, kwa sababu baraza lenye kivuli asubuhi linaweza kuwa tanuri saa tisa alasiri.

Sababu ya tatu ni hewa ya banda. Mkojo wa sungura ukikaa hutoa amonia, na amonia ni nzito puani mwake kuliko puani mwako, kwa kuwa yeye pua yake iko pale chini mkojo ulipo. Ukipiga magoti, ukaweka uso wako usawa wa sakafu ya banda na macho yakakuwasha, ujue yeye amevuta hewa hiyo usiku kucha. Watu wengi hufunika banda kwa turubai jioni kwa kuogopa paka, panya na wezi, na kwa kufanya hivyo humfungia sungura pamoja na harufu yake. Wavu imara ni kinga bora kuliko turubai. Vumbi la mbao na nyasi zenye ukungu huwasha njia ya hewa vilevile, basi zikung'uteni nyasi nje kabla ya kumpa, na maranda yakiwa na vumbi jingi myaache. Nyumbani kwetu kuna mambo matatu zaidi ambayo vitabu vya ng'ambo havitayataja: jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kufukiza, na udi. Sisemi msifukize udi. Nasema msifukize kwenye chumba alimofungiwa kiumbe mwenye mapafu madogo kama yale, asiyeweza kutoka nje.

Halafu kuna tumbo. Sungura aliyeacha kula, utumbo ukasimama na gesi ikajaa, hupumua haraka na kwa juujuu kwa mambo mawili kwa pamoja: maumivu, na tumbo linalokisukuma kiwambo mbele. Hawezi kutapika wala kucheua ili ajipunguzie. Mwenye sungura huona pumzi akadhani ni mapafu. Mtazame kama amejikunyata, anasaga meno kwa nguvu, na choo chake kimepungua au kimekuwa vipunje vidogo. Saa 12 bila kula na bila choo ni dharura hata kama pumzi ingekuwa nzuri.

Kwa sungura wenye umri mkubwa kuna mengine ambayo mtayagundua polepole: moyo uliochoka, na uvimbe ndani ya kifua. Macho yote mawili yakianza kutokeza nje kwa wakati mmoja, hasa anapoinamisha kichwa, pamoja na pumzi nzito, daktari atafikiria uvimbe wa tezi iliyo mbele ya moyo. Majike ambao hawajafungwa kizazi hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi wakishapita miaka mitatu au minne, na saratani hiyo husambaa hadi mapafuni. Kwa hiyo jike mzee aliyewahi kutokwa na damu kwenye mkojo, akianza kuhema, mwelezeni daktari habari zote mbili.

Tuseme sasa umeshaona mkao ule, na unataka kumpeleka. Kinachoua wengi katika hatua hii ni mikono yetu wenyewe. Msimlaze chali. Najua wapo wanaoonesha kwamba sungura akigeuzwa chali hutulia kama aliyelala. Ule ni woga unaomgandisha, na kwa mwenye shida ya pumzi tumbo lote humlalia kiwambo. Msimnyweshe maji wala uji kwa bomba la sindano, kwani anayehangaika kupata hewa hawezi kumeza vizuri, na kitakachokwenda mapafuni kitaleta kichomi juu ya ugonjwa alio nao. Mwekeni kwenye boksi lenye matundu mengi pande zote, taulo chini ili asiteleze, akae kwa mkao anaoutaka mwenyewe. Bajaji ina hewa, jambo ambalo ni zuri, lakini foleni ya saa nane mchana juani inaweza kummaliza. Kama hali inaruhusu nendeni alfajiri au jioni, na kama hairuhusu bebeni ile chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa. Pigeni simu mkiwa njiani, mseme neno hili hasa: "hapati hewa," ili oksijeni iandaliwe. Na daktari akimwacha kwanza kwenye oksijeni bila kumshika, msione mnapuuzwa. Kumshika mapema mno kwa vipimo ndiko kunakoweza kumuua mezani.

Chukueni pia video kabla hamjamgusa, akiwa bandani, nusu dakika kutoka ubavuni na nusu dakika kutoka mbele. Sungura akifika hospitalini, kwa hofu ya mbwa wanaobweka na harufu ngeni, pumzi yake hubadilika, na video ile humwonesha daktari hali halisi ya nyumbani. Nendeni na daftari lenu la hesabu. Mwelezeni alikula lini mara ya mwisho, choo kikoje, chafya zilianza lini, amepewa dawa gani na nani, hata kama mnaona aibu kuitaja dawa hiyo. Hatutamgombeza mtu; tunahitaji kujua ili tusiongeze juu yake kitu kitakachomdhuru.

Jambo la mwisho ni la kufanywa wiki hii, kabla hakuna anayeumwa. Madaktari wetu wengi wa mifugo wamefundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ni wataalamu hodari, lakini kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kwa hiyo pitieni kliniki iliyo karibu nanyi mkaulize kama inatibu sungura, kama ina oksijeni, na kama kuna wa kupokea simu usiku. Jibu likiwa hapana, ulizeni wao humpeleka wapi mnyama kama huyo, mwandike namba hiyo juu ya mlango wa banda ambapo hata mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake anaweza kuisoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na wenye video kwenye simu zao tutazitazama pamoja.